Hesabu ya Viraka

Januari niliandika nyuma ya kalenda ya duka la mbolea:
mifarishi sita, bila kisingizio.
Leo mwaka unafunga mlango, mvua ya Mbale inachapa bati,
nami nahesabu kama karani mwenye deni:
miwili imekwisha.
Wa tatu umelala mezani, hauna pindo.
Mingine ingali mifuko chini ya kitanda,
na panya ameshaonja mmoja.

Wa kwanza ulitoka kwenye makombo ya sare.
Fundi Endagwa wa Chavakali huniwekea kila kipande
kinachozidi kiganja: maruni, kijani cha majani ya chai,
buluu isiyochujuka hata uifue kwa jiwe.
Nilimshonea Kageha, alikuwa anakwenda bweni.
"Nyanya, wasichana watanicheka."
Februari akapiga kwa simu ya matroni, ananong'ona:
wanauliza bei.

Masika hayakunipa nafasi. Magugu hayajui sanaa.
Umeme ulikatika siku nne, nikazungusha cherehani kwa mkono,
mshumaa umesimama ndani ya kopo,
na mjukuu wa Nakuru akazaliwa kabla sijapiga bandi.
Nikaenda na kazi mkobani,
nikaimalizia kwa Mmbone, ghorofa ya tatu,
upepo wa Menengai ukipuliza vumbi jeupe dirishani,
mtoto akilia, mimi nikishona,
mama yake akilala saa mbili zake za kwanza kwa wiki nzima.
Mkono mmoja ulikuwa wa mtoto.
Mishono iliyopinda ni ya ule wa pili.

Wa tatu ni wa mashati ya Ambani.
"Hilo nilikuwa nalivaa!"
"Lini?"
"Nilikuwa nangojea siku yake."

Agosti wakamtoa mtoto wa jicho.
Lile jicho jingine lilizimika zamani,
basi akakaa kando yangu na bandeji, gizani kabisa,
mahindi yakikauka uani,
nikimpa kipande kimoja kimoja akipapase.
"Hili la mistari nilimzikia baba.
Hili la kola ngumu, siku Lumadede alipooa.
Ukanimwagia mchuzi, hapa, chini ya kifungo."
Kweli, doa lilikuwapo.
Miaka kumi na tisa nimelifua bila kuliona.
Tukaenda hivyo mpaka kuku wakaingia kulala:
yeye anasoma kwa vidole, mimi naunga,
na mara nyingine tunanyamaza
kwa sababu ya shati fulani.
Bandeji ilipotoka akanitazama usoni, muda mrefu,
nikaona haya kama bibi harusi.
Kisha akatazama kazi.
"Mshono huu umekwenda upande," akasema.

Desemba nyumba ikajaa mpaka jikoni.
Viatu mlangoni sikuweza kuvihesabu.
Agesa, miaka sita, akaomba sindano.
Nikamvisha kastabani, kidole kikapotea ndani.
Akashona kiraka kimoja, ndani nje,
mishono mirefu kama hatua za korongo.
Usiku nikakifumua, polepole, kwa wembe.
Asubuhi akakiona.
Hakulia, hakuuliza,
akaketi akakishona tena vilevile.
Nikauficha wembe.

Jana wameondoka wote.
Sebule inanuka maganda ya machungwa,
soksi moja imebaki kwenye mgongo wa kiti,
ndogo, nyekundu, kitambaa kizuri.
Sijaigusa. Bado.

Kalenda mpya iko ukutani, mgongo wake mweupe,
kalamu ninayo, namba ndiyo sijaipata.
Nilitaka kutia pindo usiku huu, nimechelewa:
Ambani amejifunika nao hivyo hivyo,
pini zote zikiwa mahali pake,
anakoroma kwa uangalifu.